Hukumu ya Kukejeliwa Umbile na Mtu Usiyemjua

Sokoni Darajani au ndani ya daladala, mtu ambaye hata hamjuani hukuuliza: "Mbona mwembamba hivyo, huli?" Wengine hucheka, wengine hutukana, wengine hurudi nyumbani na donge moyoni.

Kejeli ni haramu. Surat al-Hujurat, aya ya 11, imeikataza. Masahaba walipocheka wembamba wa miundi ya Ibn Mas'ud, Mtume (S.A.W.) aliwaambia kuwa miguu hiyo ni mizito kwenye mizani kuliko mlima Uhud.

Aliyekejeliwa anaweza kumkanya msemaji kwa upole, bila ya kumtukana. Kusamehe ni bora zaidi. Nasi wazazi tusiwacheke watoto wetu kwa rangi wala kimo: ulimi hufunzwa nyumbani.

Wallahu a'lam.