Daktari mwanagenzi wa katuni aliyeishtua Japani

MWAKA 2002, wasomaji wa Morning, jarida la kila wiki la kampuni ya Kodansha jijini Tokyo, walitambulishwa kwa Eijiro Saito, kijana aliyekuwa amehitimu udaktari katika chuo kikuu chenye sifa kubwa. Saito alifanya kazi takriban saa 16 kwa siku. Mshahara aliolipwa na hospitali ya chuo hicho ulikuwa yeni 38,000 kwa mwezi, kiasi kisichomwezesha mtu kuishi Tokyo.

Hadithi yenyewe ni Burakku Jakku ni Yoroshiku, yaani "Nisalimie Black Jack", manga iliyoandikwa na kuchorwa na Shuho Sato. Manga ni hadithi za katuni za Kijapani, na huko husomwa na watu wazima sawa na watoto. Black Jack anayetajwa katika jina hilo ni mpasuaji hodari asiye na leseni aliyebuniwa na Osamu Tezuka mwaka 1973. Mpasuaji huyo hushinda karibu kila ugonjwa. Saito ana leseni, lakini hajui pa kuanzia.

Ili apate riziki, kijana huyu hufanya zamu za usiku katika hospitali ya kibinafsi inayowapenda sana majeruhi wa barabarani, kwani malipo ya bima ya magari ni mazuri kuliko ya bima ya kawaida ya afya. Usiku huo huachwa peke yake. Majeruhi mahututi anapoletwa, daktari wetu anashikwa na hofu.

Kutoka hapo Sato humpitisha wodi baada ya wodi. Sehemu iliyo bora, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni ile ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wazazi waliosubiri mtoto kwa miaka mingi wanajaliwa pacha. Mmoja ana ulemavu wa Down na utumbo wake umeziba. Upasuaji ungemwokoa, lakini baba anakataa kutia sahihi. Ingekuwa rahisi kumchora baba huyo kama katili. Sato hafanyi hivyo: anampa nafasi ya kusema, na msomaji anajikuta akimsikiliza.

Masaibu ya Saito hayakuwa ya kubuni tu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wahitimu wa udaktari nchini Japani walitakiwa kufanya kazi mwaka mzima bila mshahara kabla ya kupata leseni. Wanafunzi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Tokyo waligoma mapema 1968, na mwaka huo utaratibu huo ukafutwa. Uanagenzi wa miaka miwili uliofuata haukuwa wa lazima kisheria, na mwanagenzi akabaki mikononi mwa idara za vyuo vikuu, ambako profesa ndiye aliyeamua nani apelekwe hospitali gani. Agosti 1998 mwanagenzi mmoja wa eneo la Kansai alifariki. Wazazi wake walikwenda mahakamani, na Juni 2005 Mahakama ya Juu iliamua kuwa daktari mwanagenzi ni mfanyakazi, hivyo hawezi kulipwa chini ya kima cha chini kilichowekwa na sheria.

Katikati ya mjadala huo ndipo kituo cha TBS kilipoileta hadithi hii kwenye runinga. Tamthilia hiyo ya sehemu 11 ilionyeshwa Ijumaa usiku, Aprili hadi Juni 2003, Satoshi Tsumabuki akiigiza kama Saito. Januari 2004 kikafuata kipindi maalumu kuhusu wodi ya wagonjwa wa saratani. Wakati tamthilia ikionyeshwa manga ilikuwa bado inaendelea, hivyo sura kali za wodi ya magonjwa ya akili zilimfikia msomaji baadaye.

Aprili 2004 uanagenzi wa miaka miwili ulifanywa wa lazima, wenye mshahara, na zamu za pembeni zikapigwa marufuku. Hatungethubutu kudai kwamba katuni ndiyo iliyoleta sheria hiyo, maana mipango yake ilikuwa imeanza mapema. Nayo sheria ilizua tatizo lake: wahitimu wengi walichagua hospitali nyingine badala ya zile za vyuo vikuu. Vyuo vilipopungukiwa, viliwaita madaktari wao warudi kutoka mashambani, na hospitali za huko zikaachwa na uhaba.

Manga hiyo ilikamilika Morning mwaka 2006 ikiwa na vitabu 13, vilivyouza zaidi ya nakala milioni 10. Sato akahama. Mwendelezo wake ulichapishwa na Shogakukan, washindani wa Kodansha, kuanzia 2007.

Kisha, Septemba 15, 2012, alifanya jambo ambalo wachoraji wenzake wengi wasingelifikiria. Alitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuichapisha manga ile ya kwanza, kuitafsiri, kuigeuza au hata kuiuza, bila kumwomba ruhusa wala kumlipa. Baadaye alieleza kuwa mapato yake kutokana na nakala za kidijitali za mwendelezo yaliongezeka. Ruhusa hiyo haikuhusu tamthilia: michoro ya Saito iliachwa huru wakati huo, lakini picha za Tsumabuki akiwa amevaa koti jeupe hazikuwa mali ya Sato kuzitoa.