Upimaji wa Kina cha Bahari

Upimaji wa kina ni kazi ya kutafuta umbali kati ya uso wa bahari na sakafu yake. Hapo kale ilikuwa kazi ya mabaharia waliokwepa miamba na mafungu. Tangu karne ya 19 imekuwa msingi wa sayansi ya bahari. Mara kwa mara, kifaa kipya kilipoanza kutumika, dhana iliyoaminika kuhusu vilindi ilianguka.

Bildi

Bildi ni kipande cha risasi kinachoshushwa kwa kamba yenye alama za pima. Kitako chake kina tundu linalojazwa shahamu, nayo hunasa mchanga au tope, hivyo nahodha hujua kina na aina ya sakafu kwa pamoja. Karibu na pwani ilifaa sana. Katika bahari kuu ilishindwa, kwani mikondo hupinda kamba, na uzito wa kamba yenyewe humzuia mpimaji asihisi bildi ikigusa chini. Makisio yakachukua nafasi ya vipimo. Mwaka 1843 mwanasayansi Edward Forbes alidai kuwa kuanzia meta 550 hivi kwenda chini hakuna uhai.

Safari ya Challenger

Desemba 1872 meli ya Uingereza, Challenger, iling'oa nanga Portsmouth, ikiwa imeondolewa mizinga mingi ili kupisha maabara. Wanasayansi waliongozwa na Charles Wyville Thomson. Ili kupima kina, bomba lilishushwa kwa kamba likiwa na vyuma vizito. Lilipogusa sakafu, vyuma vilijifungua vikabaki huko, na mashine ya mvuke ikavuta bomba lenye tope. Machi 1875, karibu na Guam, kipimo kilifika meta 8,184. Meli ilirudi Mei 1876 na aina zipatazo 4,700 za viumbe ambazo sayansi haikuzijua, baadhi yao wakiwa wamevuliwa chini kabisa ya mpaka wa Forbes.

Mwangwi

Sauti husafiri majini kiasi cha meta 1,500 kwa sekunde. Mwangwi wa sauti iliyotumwa na meli ukirudi baada ya sekunde 4, sakafu iko meta 3,000 chini, kwa kuwa nusu ya muda huo ni ya kushuka na nusu ni ya kurudi. Kwa njia hii meli ya Ujerumani, Meteor, ilipima Atlantiki ya Kusini kati ya 1925 na 1927 bila kusimama kushusha kamba. Katika miaka ya 1950, nchini Marekani, Marie Tharp alichora vipimo vya namna hiyo akiwa ofisini, kwa kuwa wanawake walizuiwa kupanda meli za utafiti. Katikati ya safu ya milima iliyo chini ya Atlantiki aliona bonde refu linalofanana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Ugunduzi wake ulipuuzwa kwanza, kisha ukasaidia kuthibitisha kwamba mabara husogea.

Hali ilivyo

Tarehe 23 Januari 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka kwa chombo cha kuzamia, Trieste, hadi karibu meta 10,900 katika Mfereji wa Mariana. Hata hivyo, kufikia 2024 ni takriban robo tu ya sakafu ya bahari iliyokuwa imepimwa kwa usahihi wa kisasa. Upungufu huo ni hatari kwa watu wa pwani. Kasi ya tsunami hutegemea kina, na ile ya tarehe 26 Desemba 2004 ilivuka Bahari ya Hindi ikaua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Bila ramani sahihi ya sakafu, haiwezekani kukadiria vyema wimbi litafika wapi na saa ngapi.