Wakula shaba wa Katanga

Zamani, mtama ulipokwisha kuvunwa na mvua zimekatika, watu wa Katanga waliacha vijiji vyao wakaenda kuchimba na kuyeyusha shaba. Kazi hiyo waliiita kula shaba, na wenyewe wakaitwa wakula shaba. Monsinyori de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza misioni ya Katanga, aliandika habari zao mwaka 1926.

Ufundi huo ni wa kale sana. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta misalaba ya shaba imewekwa pamoja na wafu. Si misalaba ya Kikristo, bali ilikuwa mali, na baadaye ile midogo iliyolingana ukubwa ikawa fedha ya kununulia vitu.

Wako watu wanaosema kwamba wazee wale walikuwa na moto tu, hawakuwa na elimu. Basi tutazame moto ule ulifanya nini.

Jiwe walilolichimba ni la kijani, jina lake malakiti. Ndani yake shaba imeshikamana na oksijeni, kaboni na maji, nayo haionekani kabisa. Kilo 100 za malakiti safi zina kilo 57 hivi za shaba. Ukilipasha jiwe moto, maji yanatoka na gesi inatoka, unabaki unga mweusi: ni shaba na oksijeni tu. Hapo moto peke yake umeshindwa. Unga ule utaupika mpaka kesho usipate shaba, kwa sababu oksijeni haitaki kuiachilia. Lazima atokee mwingine anayeitaka oksijeni kuliko shaba inavyoitaka, naye ni makaa.

Wazee walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga makaa na mawe, wakavuta mivukuto. Kazi ya mivukuto ina hatari pande zote mbili. Hewa ikiwa kidogo, joto halifiki digrii 1085, nayo shaba haiyeyuki. Hewa ikizidi, makaa yanakwisha upesi na shaba iliyokwisha kupatikana inaungua tena, inarudi kuwa unga mweusi. Makaa yakiwa mengi na hewa ya kadiri, inatokea gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo ndiyo inayopenya kati ya mawe na kuinyang'anya shaba oksijeni yake. Mvuta mivukuto hakuijua kwa jina, lakini alijua rangi ya moto na mlio wake, na mkono wake uliitii.

Huko Ulaya wenye elimu walikosea jambo hili kwa muda mrefu. Walisema kitu kinachoungua kinatoa kitu fulani kilichokuwa ndani yake, wakakiita flojisto. Lakini mizani ilikataa: gramu 64 za shaba zikiungua zote zinakuwa karibu gramu 80. Kinachopoteza kitu kinazidije uzito? Mfaransa Lavoisier alipima kwa mizani metali zinazoungua, akaonyesha kwamba zinachukua sehemu ya hewa. Sehemu hiyo aliipa jina la oksijeni mwaka 1777. Kuungana nayo kukaitwa oksidasio. Kuirudisha metali kutoka katika jiwe kukaitwa reduksio, na wanaojua Kilatini watakumbuka kwamba reducere ni kurudisha nyuma. Lavoisier alikatwa kichwa Paris mwaka 1794, wakati wa mapinduzi.

Elektroni ilipogunduliwa mwaka 1897, maana ya maneno hayo ilipanuka. Oksidasio ni kutoa elektroni, reduksio ni kupokea. Ndipo ikapatikana namba ya oksidasio, ambayo ni kama daftari la madeni. Metali iliyo peke yake ina sifuri. Oksijeni iliyoungana huandikiwa karibu daima −2, kwa hiyo shaba ya ule unga mweusi ni +2. Katika tanuru shaba inashuka kutoka +2 mpaka 0. Kaboni ya gesi inapanda kutoka +2 mpaka +4. Alichopokea mmoja ametoa mwenzake. Hesabu isipolingana, mwanafunzi ajue amekosea mahali.

Wazungu walipoanza kuyeyusha shaba Lubumbashi, tarehe 30 Juni 1911, tanuru lao lilikuwa kubwa na lilitumia makaa ya mawe yaliyookwa. Hata hivyo kazi ilikuwa ile ile ya kichuguu: kaboni inapanda, shaba inashuka. Jambo jipya kweli lilikuja mwaka 1929 katika kiwanda cha Shituru, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Jiwe lilisagwa, likatiwa katika asidi ya salfa, na shaba ikayeyuka humo yakawa maji ya buluu. Kisha ukapitishwa umeme. Hapa makaa hayakuhitajiwa tena: umeme wenyewe uliipa kila atomu ya shaba elektroni zake mbili, nayo ikaganda juu ya bamba, safi kabisa. Kwenye bamba la pili oksijeni ya maji ilipanda kutoka −2 mpaka 0, ikatoka kwa mapovu na kwenda zake hewani.