Salaam (mchezo wa video)

Salaam ni mchezo wa video uliobuniwa na Lual Mayen, raia wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda baada ya wazazi wake kukimbia vita. Mchezaji hushika nafasi ya mkimbizi: hukimbia mapigano, hukwepa vizuizi, hutafuta maji, chakula na dawa. Nguvu zikimwishia, hununua mahitaji kwa fedha halisi, ambazo Mayen alikusudia ziwafae wakimbizi wa kweli.

Kompyuta yake ya kwanza alinunuliwa na mama yake, aliyedunduliza dola 300 kwa miaka 3 bila kumwambia. Kambini hakukuwa na umeme, hivyo alitembea saa kadhaa kwenda kuichaji. Toleo la awali la mchezo lilisambaa kwa Bluetooth, simu hadi simu. Mwaka 2018 Mayen alitunukiwa katika The Game Awards huko Los Angeles. Kampuni yake ni Junub Games.

Anayetafuta mchezo wa njozi ajue kwamba Salaam hauna joka wala uchawi, hivyo haumo katika kundi hilo. Mpenzi wa njozi atashiba zaidi kwa Tales of Kenzera: Zau (2024) wa Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Humo mganga kijana anamtaka Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake, na wahusika waweza kusikika wakizungumza Kiswahili.