Breki na Mteremko wa Nyungwe

Kutoka kilele cha barabara ya Nyungwe, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hadi Kamembe ukingoni mwa Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi, gari la tani moja hupoteza nishati ya takriban kilojuli 9,000. Dereva akitegemea breki peke yake, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto kwenye magurudumu. Historia inaonyesha kwamba dawa ni kulitoa joto hilo: breki za dramu hulifungia ndani, ilhali za diski huliachia hewani, ndiyo maana Jaguar yenye diski za Dunlop ilishinda mashindano ya magari ya Le Mans mwaka 1953, na Mini Cooper ya 1961 ikapewa diski za mbele.

Wapo watakaosema kwamba diski kubwa na pedi ngumu zinatosha. Zinasaidia, lakini mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu huchemka mapema, na pedali huzama hadi chini hata diski zikiwa mpya. Basi, wewe unayeshuka kwenda Kamembe na kagari kako kenye kasi, badilisha mafuta hayo kwa wakati, na ingiza gia ndogo kabla ya kona.