Sayansi za Jamii na Bwawa la Magwagwa: Kazi Inayomngoja Mhitimu

Matokeo ya mtihani wa sekondari wa KCSE yakishatoka na taasisi ya KUCCPS ikagawa nafasi za vyuo vikuu, mzazi wa Magwagwa aliyetarajia mwanawe aitwe kusomea uuguzi au ualimu, kisha akaambiwa ni sosholojia, huuliza swali moja: itampeleka wapi? Ni swali la haki. Karo inatoka kwenye majani chai, ndizi na ng'ombe wa maziwa, na mzazi huyo amekwisha kuona vijana wa majirani wakirudi na digrii zao, wakazunguka Nyamira, Kisii na Nairobi na bahasha ya kaki mkononi, mwishowe wakaishia kwenye bodaboda. Sisi tunaofundisha sayansi za jamii tumezoea kumjibu kwa orodha ya vyeo: afisa wa watoto, afisa wa urekebishaji tabia, msimamizi wa wadi, mtathmini wa miradi. Vyeo hivyo vipo, lakini nafasi ni chache, tena orodha haimwambii mzazi kwa nini kazi hizo zinamhitaji aliyesoma sosholojia badala ya yeyote mwenye digrii. Hoja yangu ni kwamba Magwagwa yenyewe ina kazi kubwa inayomhitaji mwanasayansi jamii, kwamba sheria za Kenya zinaitambua kazi hiyo, na kwamba inakwenda kwa wageni au kuachwa kabisa kwa sababu vyuo vyetu havimfundishi mwanafunzi kuifanya.

Abagusii, wenyeji wa Magwagwa, ni miongoni mwa jamii za Afrika Mashariki zilizochunguzwa kwa kina na wasomi. Philip Mayer alifanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940, na maandishi yake kuhusu ukoo na mahari, yaliyotoka mwaka wa 1949 na 1950, bado yanasomwa. Robert LeVine na Barbara LeVine walikuja katikati ya miaka ya 1950, wakachapisha kitabu chao kuhusu Nyansongo mwaka wa 1966. LeVine akarudi miaka ya 1970 na kundi zima la watafiti wa malezi ya watoto wachanga. William Ochieng', mwanahistoria wa Nyanza, alitoa historia ya Gusii ya kabla ya ukoloni mwaka wa 1974. Ochieng' alikuwa jirani. Wengi wa waliobaki walitoka ng'ambo. Katika utafiti wao mwenyeji alikuwa mkalimani, mhojiwa, au mtoto aliyepimwa kimo na uzani. Leo wajukuu wa wahojiwa hao wanasoma sosholojia na anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati rasmi mwaka wa 2013, na katika vyuo vingine. Wamekuwa wenye kuuliza maswali. Je, wanauliza yapi?

Mfano mzito kuliko yote wa maswali yanayowangoja uko Magwagwa penyewe. Tangu miaka ya 1980 kumekuwa na mpango wa kujenga bwawa la Magwagwa kwenye Mto Sondu, chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa. Lingezalisha umeme wa zaidi ya megawati 100 na kupeleka maji ya kunyunyizia mashamba katika nyanda za Kano. Wahandisi wamekwisha kupima kina cha bonde na kasi ya maji. Ila bonde hilo lina watu. Kaunti ya Nyamira, iliko Magwagwa, ilikuwa na watu 605,576 katika sensa ya 2019, takriban 675 katika kila kilomita ya mraba, na ng'ambo ya mto kuna Wakipsigis. Maji yakipanda, yatafunika mashamba ya chai, makaburi yaliyo nyuma ya nyumba, na njia ambazo watu wa pande mbili za mto hupita kwenda sokoni. Nani atahamishwa, atalipwa nini, atalipwa nani? Hakuna kipimo cha mhandisi kinachoweza kujibu hayo.

Tuchukue boma moja la kawaida katika eneo hilo. Hatimiliki, ikiwa ipo, ina jina la babu aliyekwisha kufariki, na urithi haujashughulikiwa mahakamani. Ardhi imegawanywa kwa wana wanne kwa mipaka ya miti na mitaro ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Mmoja wa wana hao anaishi Nairobi. Mkewe ndiye anayechuma chai, anayebeba kapu hadi kituo cha kununulia majani, anayesimama foleni ya mizani. Namba ya mkulima ni ya mumewe, na malipo ya mwezi pamoja na bonasi huingia kwenye akaunti ya mumewe. Pengine ng'ombe wa mahari hawajatolewa. Thomas Håkansson, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu mahari, wanawake na ardhi katika Gusii, alionyesha jinsi haki ya mwanamke kutumia ardhi ilivyoegemea mahari, na jinsi ndoa zisizo na mahari zilivyowaacha wanawake wengi bila msingi wa kudai chochote.

Sasa afike karani wa fidia na fomu yenye nafasi moja ya jina la mwenye shamba. Akiandika jina lililo kwenye hatimiliki, ameandika marehemu. Akiandika jina lililo kwenye namba ya chai, fedha zitakwenda Nairobi na mama atabaki na watoto kando ya maji. Mwanasayansi jamii aliyefunzwa vizuri atajua kwamba orodha ya wamiliki na orodha ya watumiaji wa ardhi ni vitu viwili. Atahoji mama peke yake, mbali na shemeji zake. Atauliza kaburi la nani liko wapi na nani ana idhini ya kulihamisha. Atachora nasaba ya ukoo kabla hajachora mpaka wa shamba. Na sheria iko upande wake: Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inaruhusu kulipwa fidia hata kwa mkaaji wa nia njema asiye na hatimiliki. Lakini haki hiyo itamfikia mama yule iwapo tu kuna mtu aliyeandika, kwa ushahidi unaosimama mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kwamba anaishi pale na anategemea pale.

Hili si jambo la kufikirika. Chini zaidi ya mto huohuo kulijengwa mradi wa umeme wa Sondu-Miriu, wa megawati 60, kwa mkopo wa Japani. Ujenzi ulipoanza mwaka wa 1999, malalamiko ya wakazi kuhusu vumbi, fidia, ajira na maji ya mto yalikua mpaka yakafika bunge la Japani, na mwaka wa 2001 ikabidi iundwe kamati ya kuwakutanisha kampuni ya umeme ya KenGen, wakazi na mashirika ya kiraia. Kwa maneno mengine, mazungumzo yaliyostahili kutangulia yalikuja baada ya mitambo ya ujenzi kuwa kazini. Kila mwezi ambao mradi wa namna hiyo unakwama una gharama, na gharama ya kuwaajiri watafiti kumi wenyeji kwa mwaka mzima ni ndogo mno ikilinganishwa nayo.

Watetezi wa sayansi asilia na uhandisi hudai kwamba taifa changa halina fedha za kusomesha vijana "nadharia". Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu hatari iliyo nyuma yake, ya vijana wasomi wasio na kazi, ni ya kweli. Lakini hata kazi za kitaalamu kabisa hukwama pale watu wasipoeleweka. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, uliotangazwa Agosti 2018, ulikuwa na chanjo inayofanya kazi, na bado uliua zaidi ya watu 2,200. Mjini Butembo vituo vya matibabu vilishambuliwa. Ilibidi watafiti wa jamii wakusanye kauli za wakazi ili timu za afya zijue kwa nini zinaogopwa. Hapa kwetu, Justus Ogembo alipochunguza mauaji ya watu walioshukiwa uchawi Gusii mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kitabu kilichotoka 2006, aliyaweka katika misukosuko ya uchumi na siasa ya wakati ule. Serikali inayowaona wauaji kama wajinga tu hutuma polisi baada ya nyumba kuteketea. Serikali inayosikiliza utafiti huweza kuuliza mapema ni wajane gani wana mgogoro wa shamba unaoweza kuzaa tuhuma ya uchawi.

Lawama kubwa naiweka kwetu vyuoni. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne akiwa amekariri Durkheim, Marx na Weber bila kukaa hata wiki mbili katika kijiji kimoja na daftari. Darasa lina mamia. Utafiti wa nyanjani unageuzwa dodoso la kurasa chache linalojazwa kwa haraka. Mhitimu wa namna hiyo hana cha kumwonyesha mwajiri, na mwajiri hana kosa akimchukua mtu yeyote mwingine. Haikuwa hivi daima. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kitengo cha utafiti wa makuzi ya mtoto alichokiongoza John Whiting jijini Nairobi kiliwafundisha wanafunzi Wakenya kufanya utafiti katika jamii zao wenyewe, kwa lugha zao. Mwanafunzi wa Magwagwa anayejua Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza, na pengine Kikipsigis kidogo alichokiokota sokoni, ana utajiri ambao LeVine aliutafuta kupitia wakalimani. Chuo kinachouacha utajiri huo ulale kinamwibia.

Kwa hiyo vyuo vya Gusii na viufanye utafiti wa nyanjani wa muhula mzima kuwa sharti la kuhitimu, ripoti yake iandikwe pia kwa lugha ambayo wanakijiji wanaweza kuisoma, na nakala iwekwe katika ofisi ya wadi. Serikali ya Kaunti ya Nyamira, ambayo Katiba inaitaka iwashirikishe wananchi, iache kuhesabu sahihi za waliohudhuria baraza kana kwamba ndizo ushirikishaji, iwaajiri wahitimu hawa kwa mikataba inayoeleweka. Mradi wa bwawa ukifufuliwa, kazi ya kuorodhesha maboma, makaburi na haki za wanawake itangulie zabuni ya ujenzi. Naye mzazi anayeuliza digrii hiyo itampeleka wapi mwanawe, na aanze kwa kuuliza chuo: mwanangu atafundishwa na nani kufanya utafiti, na utafiti wake wa kwanza ataufanyia wapi?