Hongo Iliyopigiwa Ngoma

Mgeni afikaye Biharamulo huonyeshwa kwanza boma la Wajerumani, jengo la mwanzoni mwa karne ya 20, naye aghalabu huondoka akidhani kwamba historia ya mji ilianzia kwenye kuta zile. Lakini nchi hii, na Nemba ndani yake, ilikuwa na desturi zake za kupokea wageni kabla Mjerumani hajafika. Desturi mojawapo imehifadhiwa katika neno ambalo sisi watunzi tumelichafua: hongo.

Watu wa misafara kutoka pwani waliiita nchi ya Wasubi Usui. Mwaka 1861 walipita hapo Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India. Mtawala wa Usui, Suwarora, hakutaka kuonana nao uso kwa uso. Maofisa wake ndio waliokaa kubishania nguo, shanga na nyaya za shaba, siku baada ya siku, na Speke akanung'unika kurasa nyingi.

Kitabu chake cha 1863 kinaliandika neno lenyewe, hongo, kwa maana ya ushuru wa njia: haki ya mwenye nchi kwa msafiri anayekula chakula chake, kunywa maji yake na kuhitaji amani yake. Katika Uzinza, nchi jirani aliyoipitia kabla ya Usui, malipo yalipokamilika ngoma zilipigwa ili kila mtu ajue kwamba msafara umemaliza deni. Ngoma ilikuwa ndiyo stakabadhi. Je, ni rushwa gani hupigiwa ngoma?

Leo kamusi hutupa rushwa na mlungula, na kuhonga tumekusogeza hadi mapenzini. Hongo na uongo vina kina kimoja, na urahisi huo, nakiri, umeniponza hata mimi katika beti zangu.

Kutoka Usui Speke aliingia Karagwe, ambako Rumanika hakumtoza hongo, bali alimkirimu. Basi Rumanika akaingia vitabuni kama muungwana, na Suwarora kama mlafi. Aliyeandika ni yule aliyetozwa.